Mupira wa pumuzi katika koo la mutoto: macho ao kamera?

Mutoto analazwa kwenye meza ya kupasuliwa. Anapewa dawa ya usingizi, na kisha muda kidogo hapumui tena vizuri kwa nguvu yake mwenyewe. Sasa shurti mupira mwembamba upite kinywani na ufike katika njia ya hewa, kusudi oksijeni iingie mu mapafu. Inje, mama anauliza: «Munganga, mutoto wangu atapumua namna gani?» Ni ulizo la haki.

Sababu gani koo la mutoto ni gumu?

Mutoto si mutu mukubwa aliyepunguzwa. Ulimi wake unajaza kinywa, koo lake liko juu zaidi, na kile kifuniko kidogo kinachofunga njia ya hewa wakati tunameza ni kilegevu. Tena akiba yake ya oksijeni inaisha mbio. Mupira ukipotea na kuingia mu njia ya chakula, hewa inaenda tumboni. Kosa lile lisipoonekana upesi, mutoto anaweza kufa. Ndiyo maana kufaulu mara ya kwanza ni jambo kubwa.

Vyombo viwili

Chombo cha zamani ni laringoskopu: mukono wenye batri na ulimi wa chuma wenye taa. Munganga anainua ulimi wa mutoto, anainama, anatazama kwa macho yake. Alfred Kirstein wa Berlin alianza kazi ya namna hiyo katika mwaka 1895.

Chombo kipya kina kamera ndogo karibu na ncha yake, na picha inaonekana kwenye televizyo ndogo. Wewe unayeshuka mu mine utaelewa: taa ya kofia inaangaza mbele tu, kona ikija, hauoni kitu. Kamera ni jicho lililotangulia kufika kwenye kona. Tena mwalimu na mwanafunzi wanaona picha moja.

Waganga walipima

Katika 2020, hospitali ine za Marekani na moja ya Australia zilitoa matokeo juu ya watoto wasiofikisha mwaka 1. Kwa kamera, mupira uliingia mara ya kwanza kwa watoto 93 katika 100. Kwa macho, 88. Kule Dublin, Ireland, katika 2024, kwa watoto waliozaliwa sasa hivi, tofauti ilikuwa kubwa zaidi: 74 kwa kamera, 45 kwa macho.

Basi kamera inasaidia, zaidi sana kwa wale wadogo kabisa. Lakini kamera haisukumi mupira. Mate ao damu vinaweza kufunika kioo chake, na batri inaweza kufa. Mukono uliozoea ungali wa lazima, pamoja na akili ya kuacha, kumupa mutoto hewa kwa maski, kisha kujaribu tena.

Na ninyi wazazi?

Mwambieni munganga kama mutoto anakohoa, anakoroma usiku, ao ana jino linalotikisika. Fuateni saa za kufunga kula alizowaambia. Nkambo asimupe uji kisirisiri kwa huruma! Ule uji unaweza kupanda na kuingia mu mapafu, na hapo hata kamera ya bei gani itaona uji tu.