John Bowes: Meli ya Makaa Iliyofanya Kazi Miaka 81

Mwanafunzi akiulizwa kwa nini meli za mvuke zilizishinda merikebu za matanga katika kubeba shehena, aghalabu hujibu kwamba zilikwenda kasi zaidi. Jibu hilo si la uongo, lakini halitoshi. Hebu tuchunguze maisha ya meli moja ya chuma, John Bowes, tuone siri hasa ilikuwa wapi.

Katikati ya karne ya 19, jiji la London lilitegemea makaa ya mawe yaliyochimbwa karibu na mto Tyne, kaskazini mashariki ya Uingereza. Makaa hayo yalisafirishwa kwa merikebu za mbao. Kama vile manahodha wa majahazi ya pwani yetu walivyongoja kusi na kaskazi, ndivyo manahodha wa Tyne walivyongoja upepo wa kuwafaa. Tena wao hawakuujua msimu wake. Wakati huo huo reli zilianza kufikisha London makaa ya machimbo ya bara. Wenye machimbo ya Tyne walikuwa katika hatari ya kupoteza soko lao.

Mmoja wao, Charles Mark Palmer, aliamua kujibu reli kwa mvuke. Tarehe 30 Juni 1852, katika kiwanda chake mjini Jarrow, iliteremshwa majini meli ya mabamba ya chuma yaliyounganishwa kwa ribiti, urefu wake mita 45 hivi. Ilipewa jina la John Bowes, mmoja wa washirika wake katika biashara ya makaa.

Kwa nini chuma, ambacho kipande chake hutupwa majini kikazama? Chombo huelea kikiweza kusukuma kando maji yenye uzito sawa na uzito wake. Bamba likikunjwa kuwa mwili mpana wenye uwazi ndani, husukuma maji mengi. Zaidi ya hayo, mataruma na kuta za chuma ni nyembamba kuliko za mbao, hivyo nafasi ya shehena huongezeka. Na chuma hustahimili mtikisiko wa mtambo, ambao hulegeza viungo vya mbao.

Sasa tutazame kazi yenyewe. Palmer alieleza mwaka 1863 kwamba meli hiyo ilipakia tani 650 za makaa kwa saa 4, ikafika London kwa saa 48, ikapakua kwa saa 24, na kwa saa 48 nyingine ikawa imerudi Tyne. Kwa siku tano hivi ilifanya kazi ambayo merikebu mbili za matanga zingeifanya kwa zaidi ya mwezi.

Msomaji afanye hesabu. Safari ya kwenda ilikuwa karibu kilomita 600. Ukigawanya kwa saa 48, utapata kilomita 12.5 kwa saa. Mwendesha baiskeli angeipita! Basi faida haikutokana na kasi kubwa. Ilitokana na kwamba meli haikungoja. Mvuke uliusukuma mtambo, mtambo ukaizungusha rafadha, hata kama upepo ulikuwa wa mbele au haukuwapo kabisa. Mwenye makaa aliweza kuahidi siku ya kufika.

Lakini kulikuwa na kizuizi kingine. Meli tupu huelea juu mno: huyumba, na rafadha yake hutoka majini. Kwa hiyo ilihitaji farumi. Merikebu za zamani zilijazwa mchanga na kokoto, mzigo usiolipiwa na mtu, ambao ulipaswa kupakiwa London na kupakuliwa tena Tyne. Meli za makaa za mvuke zilipata dawa nyepesi: maji ya bahari. Kwanza yalitiwa katika mifuko ya turubai, baadaye katika matangi ya chuma chini ya meli. Bomba liliyaingiza, bomba likayatoa, na muda mwingi ukaokolewa.

Tusisahau kwamba mtambo usiongoja haukumngojea mtu pia. Mchana na usiku wachochea moto walitupia makaa tanurini kwa sepetu, katika joto kali na vumbi, huku sakafu ikiyumba. Baharia wa matanga alipumzika upepo ulipotulia. Mchochea moto hakuwa na utulivu huo.

Mitambo ya John Bowes ilichakaa ikabadilishwa, lakini mwili wake uliendelea. Bamba lililoliwa na kutu huweza kung'olewa na jingine likatiwa mahali pake. Meli iliuzwa, ikapewa majina mapya, na hatimaye ikawa ya Hispania kwa jina la Villa Selgas. Mwezi Oktoba 1933 ilizama karibu na pwani ya kaskazini ya nchi hiyo, ikiwa imebeba madini ya chuma. Ilikuwa na umri wa miaka 81.

Hapa pana funzo kwa kila anayejifunza uhandisi. Anayepima chombo cha uchukuzi asitazame kasi yake tu. Na apime pia saa kinazosimama bandarini, uzito kinaoubeba bila malipo, na urahisi wa kukitengeneza kinapoharibika.