Ishara katika Unix: kwa nini usikimbilie namba 9

Chukua programu ya kuingiza maksi za wanafunzi kwenye kompyuta ya Linux. Unabonyeza Ctrl pamoja na C, nayo inafungwa. Nani ameifunga? Watahiniwa wengi huandika "kibodi". Sivyo. Kiini cha mfumo endeshi ndicho kilichoona vitufe hivyo, kikaitumia programu ishara ya SIGINT, yaani namba 2.

Ishara ni taarifa fupi inayoweza kuifikia programu wakati wowote, hata ikiwa katikati ya kazi nyingine. Programu inaweza kuiacha ifanye kazi yake ya kawaida (mara nyingi ni kuifunga programu), kuipuuza, au kuinasa kwa funksheni iliyoandaliwa na mwandishi wa programu.

Sasa soma polepole. Amri ya kill, licha ya jina lake, kazi yake ni kutuma ishara. Usipotaja namba, hutuma SIGTERM, namba 15. Programu iliyoandikwa vizuri huinasa, huhifadhi maksi, hufunga faili, ndipo huondoka. Ukituma 9, yaani SIGKILL, haipewi nafasi hiyo, na maksi ambazo hazijahifadhiwa zimekwenda. SIGKILL na SIGSTOP, inayosimamisha programu, hazinaswi wala hazipuuzwi. Kwa hiyo anza na 15, subiri kidogo. 9 ni pale programu inapokataa kabisa kufunga.

Swali linalowashinda wengi: kwa nini funksheni ya kunasa iwe fupi? Fikiria karani aliyefika nusu ya mstari kwenye daftari, akaitwa, kisha akaanza kuandika jambo jingine kwenye mstari uleule. Ndivyo inavyokuwa ishara ikifika wakati printf inafanya kazi, na funksheni yako nayo ikaita printf: matokeo yanaweza kuvurugika au programu kukwama. (Mifano mingi ya vitabuni hufanya hivyo hivyo, usiige.) Badilisha thamani moja tu, kutoka 0 kuwa 1. Programu yenyewe itaikagua kila inapoanza mzunguko mpya, kisha itahifadhi na kufunga kwa utaratibu.

Jaribu: Programu imezuia SIGTERM kwa muda. Katika muda huo imetumiwa SIGTERM mara 3. Ikiondoa kizuizi, funksheni itaitwa mara ngapi?

Jibu: Mara 1. Ishara za kawaida haziwekwi foleni. Mfumo hukumbuka tu kwamba ipo inayosubiri.