Kokoto Chini ya Chungu: Dawa Inayoozesha Mizizi

Swali linaloulizwa kuliko mengine yote kuhusu sakulenti, yaani mimea inayohifadhi maji ndani ya majani au mashina yake manene, ni lile la nyuzijoto: mmea huu huhimili baridi ya nyuzi ngapi chini ya sifuri, na majira ya baridi yakifika ufunikwe kwa kitu gani? Huulizwa na wapenda bustani wa Ulaya na Amerika Kaskazini, wakiwamo wasemaji wa Kiswahili walioko huko ambao wamekulia mahali ambapo mshubiri na mpungate huota kando ya njia bila kuangaliwa na mtu. Kila mwaka jibu hutolewa, na kila mwaka mimea huoza, kwa sababu swali lenyewe linamshtaki asiyehusika. Sakulenti sugu, zile ambazo kwao asilia ni nchi zenye theluji, zinapokufa bustanini huwa kwa kawaida zimeuawa na maji yaliyotuama kwenye mizizi na kwenye kitako cha shina, na baridi huja tu kumalizia kilichokwisha kuharibika.

Kuhusu uwezo wa mimea hii kuhimili baridi hakuna haja ya maneno mengi. Mpungate mdogo uitwao Opuntia fragilis huota porini hadi katika bonde la mto Peace nchini Kanada, karibu na latitudo ya 56 kaskazini, ambako hakuna kakati nyingine iliyofika, na utafiti wa Michael Loik na Park Nobel uliochapishwa mwaka 1993 ulionyesha kwamba mipungate ya aina hiyo kutoka Kanada, ikizoeshwa hatua kwa hatua, huhimili baridi inayopita nyuzi 40 za Selsiasi chini ya sifuri. Sempervivum tectorum, mmea wa milima ya Ulaya ambao majani yake hujipanga duara kwa duara kuzunguka kitovu kimoja, umeishi juu ya mapaa ya nyumba kwa zaidi ya miaka elfu moja: amri ya kuendesha mashamba ya kifalme ya zama za Karolo Mkuu, iliyoandikwa mnamo mwaka 800, ilimtaka mtunza bustani awe nao juu ya nyumba yake, kwa kuwa watu waliamini kwamba unazuia radi. Radi haukuizuia, lakini imani hiyo iliupeleka mahali panapoufaa kuliko vyungu vingi vya leo, yaani kwenye mteremko, juani, katika udongo mchache usiokaa na maji.

Mmea wa namna hii hujiandaa wenyewe. Siku zinapofupika na usiku kuanza kuwa wa baridi, hupunguza maji ndani ya seli zake na kuongeza sukari, hata barafu inapotokea huanzia katika nafasi zilizo nje ya seli, na ndani hubaki utomvu mzito usioganda kwa urahisi. Ndiyo maana vipande vya mpungate sugu, vilivyokuwa vimetuna mwezi Agosti, ifikapo Desemba hunywea, hukunjamana, hugeuka rangi kuelekea zambarau na kulala chini. Mwenye bustani akiona hivyo hukimbilia maji, na kwa huruma yake hiyo humrudishia mgonjwa asiyeumwa maji yaleyale ambayo mmea umetumia wiki kadhaa kuyatoa. Mwingine huuingiza sebuleni karibu na mashine ya kupashia joto, mahali penye mwanga hafifu, ambapo hurefuka kwa unyonge na kupoteza maandalizi yake yote, kisha hushangaa unapokufa anapoutoa nje mwezi Februari.

Namba iliyo kwenye kibandiko cha duka nayo isomwe inavyostahili. Ramani ya Wizara ya Kilimo ya Marekani, ambayo namba hizo nyingi hutokana nayo na ambayo toleo lake la mwaka 2023 lilitumia takwimu za hali ya hewa za miaka 1991 hadi 2020, imejengwa juu ya wastani wa baridi kali kabisa ya kila mwaka, na haisemi lolote kuhusu mvua. Jijini Denver, ambako bustani ya mimea ya jiji hilo imefanya kazi kubwa ya kueneza sakulenti sugu, hasa jamii ya Delosperma kutoka nyanda za juu za Afrika Kusini na Lesotho, baridi hushuka hadi nyuzi 20 na zaidi chini ya sifuri, lakini mvua na theluji ya mwaka mzima haifiki milimita 400. Glasgow ni nadra kushuka chini ya nyuzi 10 chini ya sifuri, ila hupata zaidi ya milimita 1,000 za mvua, nyingi zikinyesha wakati mmea umelala na hauwezi kuzitumia. Mpungate unaostawi Denver huoza Glasgow, na hakuna blanketi litakalobadilisha jambo hilo.

Msomaji akikubali kwamba adui ni maji, hujibu papo hapo kwamba hilo amekwisha kulishughulikia: ameweka kokoto chini ya chungu. Hapa ndipo uvumilivu wa mtaalamu hukoma. Ushauri wa kutandika kokoto, vigae au vipande vya matofali chini ya udongo ili maji yapite upesi hurudiwa katika vitabu vya bustani, madukani na midomoni mwa majirani kwa vizazi, na ni kinyume kabisa cha kinachotokea ndani ya chungu. Fizikia yake imejulikana kwa miongo mingi, na Linda Chalker-Scott wa Chuo Kikuu cha Washington State ameieleza kwa lugha nyepesi ambayo mtu yeyote angeielewa, lakini kokoto bado zinamiminwa.

Maji yaliyomo katika udongo hayavutwi na uzito wake peke yake. Punje za udongo huyashika, na kadiri nafasi kati ya punje zinavyokuwa ndogo ndivyo zinavyoyashika kwa nguvu zaidi. Kokoto, ambazo nafasi zake ni pana, hazina nguvu ya kuyavuta yatoke kwenye udongo laini ulio juu yake. Kwa hiyo maji yakifika kwenye mpaka wa udongo na kokoto husimama, hujikusanya, na hayadondoki hadi udongo ulio juu ya mpaka huo umejaa maji kabisa. Mvua ikikoma, sehemu hiyo iliyojaa hubaki imejaa. Kila chungu kina ukanda kama huo wa kujaa maji, hata kisicho na kokoto, na kimo chake huamuliwa na ulaini wa udongo, wala si na ukubwa wa chungu. Kokoto haziuondoi ukanda huo. Zinachofanya ni kuupandisha juu, ulipo mzizi.

Asiyeamini achukue sponji ya kuoshea vyombo, ailoweshe hadi ijae, kisha aishike ikiwa imelala bapa mpaka iache kudondoka. Akiisimamisha kwa ubavu wake mrefu itaanza kudondoka tena, na akiisimamisha kwa ubavu mfupi itatoa maji mengine zaidi, ingawa sponji ni ileile na hakuna aliyeikamua. Kilichobadilika ni kimo chake tu: ukanda wa kujaa maji umebaki na unene uleule, ila sasa umekaa katika sehemu ndogo ya chini, na sehemu kubwa ya juu imepata hewa. Hesabu ya chungu ni hiyohiyo. Chungu chenye kina cha sentimita 15, na udongo ambao ukanda wake wa maji una kimo cha sentimita 4, huiachia mizizi sentimita 11 zenye hewa. Ukimwaga ndani yake sentimita 5 za kokoto, sentimita hizo 11 huwa 6. Aliyefanya hivyo amenunua chungu kirefu kisha akakigeuza kuwa sahani.

Kuna wanaotetea desturi hiyo kwa kusema kwamba mapaa ya kijani, yale yanayopandwa Sedum juu ya viwanda na maofisi, yana tabaka la kupitishia maji chini ya udongo. Ni kweli, lakini tabaka hilo liliwekwa ili maji yanayozidi yapate njia ya kwenda kando hadi kwenye mfereji, paa lisilemewe, na udongo ulio juu yake hufanywa wa punje kubwa kwa makusudi, kwa sababu wajenzi wanajua kwamba tabaka la chini halitaukausha. Wengine husema wamewaona wakuzaji wa mimea ya milimani wakitumia changarawe. Wameiona juu ya udongo, imezunguka shingo ya mmea ili majani yasilalie unyevu, na wameiona imechanganywa na udongo kuanzia juu hadi chini. Kuichukua changarawe hiyo na kuizika chini ya chungu ni kuiga bila kutazama. Waliosalia husema kokoto huzuia udongo kutoka kwenye tundu. Kipande cha wavu wa mbu wa dirishani kinatosha kwa kazi hiyo.

Yanayobaki ni mepesi na yasemwe upesi. Angalau nusu ya ujazo wa udongo wote wa chungu iwe changarawe ya milimita 2 hadi 6 au mawe mepesi ya volkano, yakiwa yamechekechwa kuondoa vumbi. Mchanga laini wa ujenzi usitumike, kwa kuwa huziba nafasi badala ya kuzifungua. Bustanini, tuta liinuliwe, au mmea upandwe kwenye mteremko na katika nyufa za ukuta wa mawe. Chungu kirefu ni bora kuliko kifupi. Kisahani kiondolewe, chungu kiinuliwe juu ya vijiwe, na kama ni cha udongo wa mfinyanzi ijulikane kwamba kikinywa maji yakaganda hupasuka. Upandaji ufanywe mapema, kabla kiangazi hakijaisha, na mbolea yenye naitrojeni isitolewe baada ya Julai. Mahali penye mvua nyingi mmea ukingwe kwa kioo au karatasi ngumu ya plastiki inayopitisha mwanga, iliyoinuliwa juu yake na kuachwa wazi pande zote. Mfuko wa plastiki hufungia unyevu ndani. Theluji iachwe ilipo, maana hukinga. Aina ichaguliwe kwa makini: Echeveria ya Meksiko, ambayo huuzwa ikiwa imechanganywa na Sempervivum, nyingi hazihimili jalidi, na hutambulika kwa bua la maua linalotokea ubavuni. Wala mtu asidhani kwamba mmea wa mlima mrefu wa tropiki, kama Sedum meyeri-johannis wa Kilimanjaro, utahimili miezi mitatu ya kuganda, kwa kuwa huko baridi ni ya usiku na jua hurudi asubuhi. Wakazi wa Makete nchini Tanzania na Kinangop nchini Kenya, ambako jalidi huanguka, wanaweza kuzikuza sakulenti nyingi za Ulaya, ilimradi wazikinge na mvua ndefu.

Duara la Sempervivum likirefuka katikati, likachanua na kufa, hakuna ugonjwa wa kutibu: kila duara huchanua mara moja tu, na machipukizi yaliyolizunguka huwa yamekwisha kushika mizizi, hivyo lililokufa ling'olewe kwa mkono na pengo lijazwe changarawe.