Unajenga Limuru? Pima baridi kabla ya kununua pampu ya joto

UMEPATA ploti Limuru, mkopo wa Sacco umeingia na msingi umeshachimbwa. Kisha Julai ikabisha hodi, ukakumbuka kwamba baridi ya huko haina mchezo. Sasa unataka sakafu yenye mabomba ya maji moto, na pampu ya joto ya kuyapasha. Muuzaji anakuuliza nyumba ina vyumba vingapi, kisha anakwambia: “Chukua ile kubwa boss, hutajuta.”

Tulia kwanza. Unaweza kujuta.

Pampu ya joto ni kama friji iliyogeuzwa: huvuta joto kutoka kwa hewa ya nje na kulileta ndani. Kwa yuniti 1 ya stima inaweza kukupa yuniti 3 za joto au zaidi, mradi maji yasihitaji kuwa moto sana. Ndiyo maana inaelewana na sakafu, ambayo hutosheka na maji ya nyuzijoto 35 hivi. Lakini ikiwa kubwa kupita kiasi, itakuwa ikiwaka na kuzima kila mara. Stima uliyotaka kuokoa itapotea na mashine itachakaa mapema.

Basi saizi hujulikana vipi? Kwa joto ambalo nyumba inapoteza, si kwa idadi ya vyumba.

Toa simu, fungua kalkuleta. Chumba ni mita 4 kwa 4. Ndani unataka nyuzijoto 20, nje ni 10. Kila mita mraba ya ukuta wa mawe hupoteza takriban wati 2 kwa kila nyuzi ya tofauti hiyo. Kuta za nje za mita mraba 20 zinakula wati 400. Madirisha ya kioo kimoja, mita mraba 3, yanakula kama 165. Na paa la mabati bila dari? Zaidi ya wati 1,100!

Jumla ni karibu wati 1,700. Sakafu nayo hutoa takriban wati 100 kwa mita mraba, kwa sababu haifai kupita nyuzijoto 29. Zaidi ya hapo miguu italalamika. Kwa chumba chako, hizo ni wati 1,600. Yaani hata ununue pampu kubwa kuliko zote Nairobi, bado utavaa sweta ndani ya nyumba.

Sasa weka dari, na juu yake utandaze sufu ya kioo yenye unene wa sentimita 10. Zile wati 1,100 zinashuka hadi 65 hivi. Chumba kizima kinahitaji kama 630, na kidogo cha ziada kwa upepo unaopenya mlangoni. Hiyo ni chini ya nusu.

Rudia hesabu chumba kwa chumba, jumlisha, kisha mpe injinia aikague. Ifanye sasa, si baadaye. Mabomba hulazwa juu ya ubao unaozuia joto lisipotelee ardhini, halafu simiti inamwagwa. Ikishakauka, kurekebisha ni kuvunja.

Muuzaji akirudi na “ile kubwa”, muulize swali moja tu: nyumba yangu inapoteza wati ngapi? Akikosa jibu, acha pesa zako zikae mfukoni.