Adui wa Muvi ya Mapenzi Asiwe Bibi Yako wa Sumbawanga

Leo naomba tuzungumzie mtu ambaye kwenye muvi tunamwona kila siku ila hatumjadili: ADUI. Stelingi tunamjadili mpaka viatu alivyovaa. Adui tunasema "mbaya sana yule" halafu basi. Lakini adui akiandikwa vibaya, muvi nzima imekwenda na maji. Na kwa sisi wa Rukwa, inaweza kuharibika zaidi ya muvi. Nitaeleza.

Mimi ni mtu wa Mtowisa, huku bondeni, chini ya ule ukuta wa milima tunaouita Lyamba lya Mfipa. Shule niliishia kidato cha nne. Mwaka jana tuliamua vijana wanne kutengeneza muvi ya dakika 20 kwa simu. Hadithi tuliichukua kwa bibi yangu. Binti anakataa wachumba wote wa kijijini, anampenda kijana mgeni mzuri kupita kiasi, kumbe kijana mwenyewe si binadamu, ametoka ziwani. Najua mmeshaisikia kwa namna nyingine, sehemu nyingi ipo. Kwingine mume anageuka nyoka, kwingine zimwi. Sisi tukaifanya ya mapenzi kweli: kijana wa ziwani anampenda binti na anataka kubaki nchi kavu.

Tatizo likaja kwa adui. Kwenye hadithi ya bibi adui ana sentensi moja tu: palikuwa na mchawi aliyewaonea wivu. Ukisimuliwa usiku jikoni, hiyo inatosha, kila mtu anajichorea mchawi wake kichwani. Kwenye skrini haitoshi. Kamera inataka kujua mchawi huyo ana sura gani, anakaa wapi, asubuhi akiamka anafanya nini.

Sisi tukajibu fasta fasta. Bibi kizee, macho mekundu, kaniki, tunguri mkononi, radi inapiga. Skripti ikaisha kwa siku mbili. Na kwa vile nyumba ya bibi ina kibaraza kizuri, nikaenda kumwomba acheze yeye.

Nilimwamkia, nikakaa, nikamsomea yote. Akasikiliza mpaka mwisho, ndipo akauliza, "Huyo binti kamkosea nini huyo bibi?"

Nikamwambia hajamkosea kitu, ni mchawi tu.

"Na kijana?"

Hajamkosea.

"Sasa anahangaika nao usiku kucha wa nini? Hana usingizi?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akasema, "Mjukuu wangu, picha hiyo ikitoka hapa ikafika kwa watu wasionijua, nani atawaambia kwamba nilikuwa nacheza?"

Jamani, nilikosa jibu.

Kwa wasiojua, Rukwa tunabeba mzigo. Jina lenyewe Sumbawanga watu hulitafsiri kuwa "tupa uchawi", yaani ukifika hapa uache uchawi wako. Lakini nenda Dar useme unatoka Sumbawanga uone utani utakaokupata: "Usimuudhi huyu, atakutumia radi." Tunacheka, yanaisha. Ila kuna upande usiochekesha. Tanzania wazee wameuawa kwa kushukiwa uchawi, wengi wao wanawake, na macho mekundu yamekuwa yakihesabiwa kama ushahidi. Mtu amepikia kuni miaka 50 kwenye jiko lililojaa moshi, macho yatakuwa ya rangi gani? Tunayo Sheria ya Uchawi tangu 1928, na kumtangaza mwenzio kuwa mchawi ni kosa kisheria. Lakini sheria haifiki haraka kama fununu.

Hapo ndipo nilipoelewa kitu ambacho ndicho hasa nataka kukisema leo. UKIMWACHA ADUI BILA SABABU, MTAZAMAJI ATAJAZA SABABU MWENYEWE, na atajaza kwa kile anachokiamini tayari. Sisi tulidhani tumeandika mchawi wa kubuni. Kumbe tulikuwa tumechukua sura ya kila bibi wa kijijini kwetu tukaibandika jina.

Basi nikaanza kuchunguza wenzetu wanafanyaje. Muvi za mizimu na majini Bongo hazikuanza leo, Mussa Banzi alitoa Nsyuka na Shumileta miaka ya 2000. Lakini mimi nilikuwa natafuta hadithi iliyoandikwa kwanza, kisha ikageuzwa muvi. Nikaanza na Twilight, maana hiyo hata hapa kafe kila mtu anaijua.

Kitabu cha kwanza cha Stephenie Meyer kilitoka 2005 na anayesimulia ni Bella mwenyewe. Kwa hiyo msomaji anajua kile tu anachokijua Bella. James, Victoria na Laurent, wale mavampaya wabaya, wanatokea karibu na mwisho, kwenye ule mchezo wa besiboli. Kwenye kitabu inavumilika kwa sababu uko ndani ya kichwa cha binti, unapumua naye. Kwenye muvi ya 2008 ukifanya hivyo, watazamaji watakaa zaidi ya saa nzima bila hatari yoyote. Mwandishi wa skripti Melissa Rosenberg na mwongozaji Catherine Hardwicke wakawaleta mapema. Mlinzi wa kiwanda anauawa, halafu rafiki wa baba yake Bella. Wapenzi wanaendelea kutazamana, ila wewe unajua kuna kitu kinasogea.

Muvi zilizofuata ziliendelea hivyo hivyo. Kwenye kitabu cha New Moon mzee Harry anakufa kwa moyo, basi. Kwenye muvi ya 2009 moyo unamsimama msituni baada ya kukutana na Victoria. Na Eclipse ya 2010 inafunguka na kijana Riley akivamiwa usiku kwenye mvua, kitu ambacho Bella hakukiona kabisa. Victoria hakupewa mapembe wala kicheko cha kishetani. Alipewa NAFASI na SABABU: mpenzi wake James ameuawa na yeye anataka kulipiza. Kumbe hata adui yuko kwenye hadithi ya mapenzi, ila yake imeishia vibaya.

Halafu nikarudi nyumbani, kwa Vuta N'kuvute. Riwaya ya Adam Shafi ilitoka 1999, na Amil Shivji akaitolea muvi 2021. Hiyo haina majini, ni mapenzi na siasa za Zanzibar wakati wa mkoloni. Lakini tazama maadui wa mle riwayani. Yasmin ana miaka 15, anaozwa kwa Bwana Raza mwenye umri wa zaidi ya miaka 50. Denge, kijana anayempenda baadaye, anawindwa na Inspekta Wright. Raza anaona amefunga ndoa halali. Wright anaona analinda sheria. Hakuna hata mmoja anayejiita mbaya, kila mmoja ana haki yake mfukoni. Adui wa aina hiyo anatisha kuliko tunguri, kwa sababu huwezi kumfukuza kwa dawa.

Tukakaa tena wanne, tukachana skripti. Haya ndiyo tuliyofuata, labda yatamsaidia mwenye ndoto kama yetu:

1. Adui atake kitu kile kile anachokitaka stelingi. Adui wetu sasa ni tajiri wa mashine ya kukoboa mpunga, na ameshalipa mahari. Baba wa binti ameshazila zile hela. Yaani jamaa anadai haki yake, na ukimsikiliza dakika mbili unaanza kumwonea huruma.

2. Aonekane mapema, tena akifanya jema. Sini ya kwanza anamkobolea mjane mpunga bure. Mtazamaji akishampenda kidogo, baadaye atashtuka.

3. Mambo ya ajabu yawe na masharti. Kijana wa ziwani lazima aguse maji ya ziwa kila baada ya siku tatu kabla jua halijachomoza, la sivyo anadhoofika. Bila sharti, adui hana pa kushika. Sasa tajiri akigundua siri hiyo, hahitaji uchawi. Anahitaji tu vijana wawili wa kuzuia njia ya ziwani usiku mmoja.

4. Silaha yake iwe kitu tunachokijua. Hili ndilo lililotuchukua muda mrefu. Tajiri anaona kijiji hakitamwunga mkono kwa sababu ya mahari peke yake. Kwa hiyo anapitisha maneno: bibi wa yule binti ndiye mchawi, ndiye aliyemleta mtu wa ziwani. Hakuna radi wala kaniki, ni mtu mwenye heshima anayenong'ona dukani, na kesho yake watu wamesimama mlangoni kwa bibi.

Mnaona? Bibi amebaki kwenye hadithi, macho yake mekundu yamebaki, hata moshi wa jikoni upo. Ila sasa kamera inakaa ndani pamoja naye na inawatazama walioko nje.

Nikampelekea skripti mpya. Nilipofika kwenye ile sini ya dukani akanikatiza: "Huyo namjua." Nikamwambia bibi, huyu ni wa kubuni, hayupo. Akasema, "Yupo." Hakutaja jina na mimi sikuuliza.

Kucheza amekubali, kwa sharti moja tu: asife mwishoni. Nikamwambia bibi, stelingi hafi. Hapo ndipo alipocheka.

Muvi haijaisha bado. Tumepiga sini sita, mvua zikatukatiza, na simu imejaa. Lakini sini ya mlangoni tayari ipo. Tuliirusha ukutani jioni moja watoto wa jirani wakatazama. Mmoja akaniuliza, "Kaka, kwa nini wanamfanyia hivyo bibi?" Lile la "kwa nini" sisi tulilisahau kwenye skripti ya kwanza.

Sasa swali kwenu wadau. Muvi gani ya Bongo ilikupa adui uliyemwelewa mpaka ukaogopa? Na nyie wa Sumbawanga mlioko mbali, huo utani wa radi mnaujibu vipi? Andikeni hapo chini, nasoma yote. Nawasilisha.