Bega la Tandiko: Sweta Isiyofumuka Begani



Kikundi kimoja tunachokitembelea kilirudishiwa sweta za shule. Uzi ulikuwa mzuri na rangi ilikuwa ile ile iliyoagizwa. Shida ilikuwa begani: mshono ulikuwa mnene, na pale mikoba ya vitabu inapovuta, ulifumuka. Akina mama walikaa na sweta zisizolipwa, na deni la uzi likawangoja. Kwa hiyo tumeona tueleze bega lisilo na mshono juu.

Bega la tandiko ni nini? Mkono wa sweta haukomi kwapani. Sehemu yake ya katikati huendelea kama mkanda mpaka shingoni, ukilala begani kama tandiko juu ya mgongo wa punda. Mkanda huo ndio unaounganisha mbele na nyuma, papo hapo mashineni, bila sindano ya mkono.

Kwanza, pimeni. Fumeni kipande cha majaribio, kifueni, kikauke, ndipo mhesabu. Tuseme sentimita 10 zina vitanzi 28 kwa upana na mistari 40 kwa urefu. Bega la mtoto tuseme ni sentimita 10, na mkanda una upana wa sentimita 8.

1. Mkanda hulala nusu mbele, nusu nyuma. Basi punguzeni sentimita 4 katika urefu wa kwapa, mbele na nyuma pia. Mkisahau hapa, kwapa litaning'inia.

2. Bega lina vitanzi 28. Ili literemke, simamisheni sindano 7 za upande wa kwapa, fumeni mistari miwili. Simamisheni 7 nyingine, mistari miwili. Tena 7, mistari miwili. Kila mara pitisheni uzi chini ya sindano ya kwanza iliyosimama, tundu lisitokee. Halafu rudisheni zote, fumeni mstari mmoja.

3. Msifunge vitanzi. Fumeni mistari michache kwa uzi wa rangi nyingine, kisha toeni kipande mashineni.

4. Fumeni mkono kutoka chini. Ukifika juu, fungeni vitanzi vya pembeni, mbakishe 22 vya katikati. Hivyo ndivyo mkanda.

5. Sasa unganisheni, mkianzia kwapani kwenda shingoni, upande wa ndani wa kipande ukiwaelekea. Kigari kikiwa kulia, vikeni kitanzi cha bega kwenye sindano ya mwisho ya kulia, fumeni mstari. Kikiwa kushoto, fanyeni vivyo hivyo kushoto. Upande mmoja ni mbele, mwingine nyuma. Kwa mkono wa pili, pande zibadilishane.

Hapo ndipo wengi hukosea. Mkivika kitanzi kimoja tu kila mara, vitanzi 28 vitakula mistari 56: mkanda utakuwa sentimita 14 kwenye bega la 10, na utajikunja. Tunataka mistari 40. Basi kila upande hesabuni hivi: kimoja, viwili, kimoja, viwili, kimoja. Hiyo ni vitanzi 7 kwa mistari 10. Rudieni mara nne, bega limekwisha. Kisha ondoeni ule uzi wa rangi nyingine.

Vitanzi 22 vya mkanda navyo msivifunge. Vitaingia kwenye kola.

Je, mishono yote imekwisha? La. Kwapa na mbavu bado zitashonwa. Wenye mashine ya vitanda viwili wanaweza kufuma kiwiliwili kama mfuko wa duara mpaka kwapani, hata mbavu zisishonwe.

Uzi wenu ukitoa hesabu nyingine, msinakili namba zetu. Fumeni sweta moja kwanza, mvisheni mtoto, mpeni mkoba wenye vitabu. Ikistahimili, ndipo mpokee oda.

Kazi njema.