Aliyeshika Ufunguo wa Jumba

Mji wa Tuala, katika wadi ya Oloosirkon/Sholinke, Kaunti ya Kajiado, unakua ploti baada ya ploti. Palipokuwa malisho ya Wamaasai sasa pana maduka ya vifaa vya ujenzi, shule za binafsi, makanisa na nyumba za kupangisha, na jirani yake Kitengela ilihesabiwa kuwa na zaidi ya watu 150,000 katika sensa ya 2019. Anayetaka kutazama mchezo wa kuigiza jukwaani, kwa kawaida hupanda matatu kuelekea Nairobi. Miji kama hii ikianza kudai ukumbi wake, na ina haki ya kuudai, mjadala huanzia kwenye ramani, bajeti na idadi ya viti. Nashikilia kwamba ungepaswa kuanzia kwingine. Kwanza zitafutwe familia zilizowahi kuendesha majumba ya zamani ya sinema na maigizo ya Afrika Mashariki, ziulizwe ziliwezaje kuyaweka wazi kwa miongo kadhaa. Ujuzi huo haumo kwenye mchoro wa mhandisi yeyote, na walio nao wanazeeka.

Ushahidi ulio wazi zaidi uko Zanzibar. Hassanali Adamjee Jariwalla alikuwa miongoni mwa waliotangulia katika biashara ya sinema kisiwani, na mwanzoni mwa miaka ya 1920 Mji Mkongwe ulipata jumba la Royal, lililobuniwa na John Sinclair. Jumba hilo liliteketea kwa moto mwaka 1954, na mwaka uliofuata likasimama Majestic mahali pake, kazi ya Dayalji Pitamber Sachania. Hayo hupatikana kwa urahisi, kwa kuwa majengo huacha karatasi. Namna jumba lilivyojaa watu ni habari nyingine, na tunaijua kwa sababu mwanahistoria Laura Fair aliketi na wenye majumba, wafanyakazi na watazamaji wa Tanzania, akachapisha matokeo yake katika kitabu mwaka 2018. Humo tunakutana na mikanda ya filamu iliyopelekwa mbio kwa baiskeli kutoka jumba moja hadi jingine ili nakala moja ihudumie kumbi mbili jioni moja. Tunakutana na maonyesho ya wanawake pekee, yaliyowapa nafasi ya kutoka wale ambao desturi iliwabana nyumbani. Wapo pia walanguzi wa tiketi, na wenye majumba waliojua filamu ipi ya Kihindi ingewatoa watu machozi. Huo ndio uendeshaji wenyewe: kuujua mtaa, saa zake, sikukuu zake na mifuko yake. Baada ya Mapinduzi ya 1964 majumba ya Zanzibar yaliingia mikononi mwa serikali. Leo jumba la Empire ni duka kubwa, nayo Majestic iliporomoka paa, na shirika la Hifadhi Zanzibar limekuwa miongoni mwa wanaopigania kuinusuru. Nawatakia heri kwa moyo wote. Lakini paa likirudi bila ujuzi wa waliolijaza jumba, kitakachopatikana ni jengo zuri la kupigia picha.

Nairobi nayo ina familia yake. Donovan na Mollie Maule, waigizaji kutoka Uingereza, walianzisha kundi lao mwishoni mwa miaka ya 1940 na kufungua jumba lenye jina lao mwaka 1958. Binti yao Annabel aliigiza humo na baadaye akaliongoza, hadi likafungwa mwishoni mwa miaka ya 1970. Jumba halipo tena. Tunalolijua kuhusu kazi ya kila siku humo tunalijua kwa kiasi kikubwa kwa sababu Annabel aliandika kitabu. Ukumbi wa Kitaifa, uliofunguliwa 1952, ulikarabatiwa kwa msaada wa kampuni ya bia na kufunguliwa upya Septemba 2015. Viti na taa vilirudi, lakini maswali ya gharama ya kukodi na ya nani apewe jukwaa hayajibiwi kwa rangi mpya.

Wapo watakaosema kumbukumbu za familia hupamba, kwamba kila mwenye jumba hukumbuka foleni na kusahau madeni. Ni kweli, na ndiyo maana zinafaa kulinganishwa na leseni, matangazo ya magazeti, na maneno ya wauza tiketi na waendesha projekta. Pingamizi zito zaidi ni kwamba majumba haya hayakuwa ya wote. Jukwaa la akina Maule lilihudumia hasa walowezi, na sinema nyingi zilimilikiwa na Waasia walionyimwa na ukoloni nafasi nyingine, huku Waafrika wakibanwa zaidi yao. Silikatai hata kidogo. Kwa hiyo orodha ya wa kuulizwa isiishie kwa wenye hatimiliki. Kamiriithu, Limuru, wanakijiji walijijengea wenyewe jukwaa la wazi mwaka 1977, mchezo wao ukafutiwa kibali mwaka huohuo, na Machi 1982 serikali ikalibomoa. Familia za maseremala, waimbaji na wapishi wa mazoezi yale zinajua kuendesha ukumbi wa umma kuliko wizara yoyote.

Na simu je? Inasemekana imeua kumbi. Hata hivyo, jioni ya mechi kubwa watu wenye simu mifukoni bado hulipa wakabanane kwenye vibanda vya video, kwa kuwa wanataka kupiga kelele pamoja. Hamu ya kukusanyika ipo. Anayekosekana ni mwenye kuipangia ratiba. Karibu na Tuala kwenyewe, Nani Croze alianzisha Kitengela Glass kandokando ya Mbuga ya Nairobi, na mwanawe Anselm akaendeleza upulizaji wa vioo. Mahali hapo pa sanaa pamedumu kwa miongo kadhaa nje ya mji kwa sababu wenyewe wanaishi na kazi yao. Serikali ya Kaunti ya Kajiado inaweza kuanza bila kumwaga hata ndoo moja ya zege: iwatume vijana wenye vinasa sauti Limuru, Mombasa, Moshi na Unguja, wawaulize wazee nani alilipwa kwanza mapato yakipungua, mtoto aliingia kwa bei gani, na usiku wa mvua, umeme ulipokatika, watazamaji waliambiwa nini.